Mwiko wa Saida

Saida Athumani alikuwa mwoga, na hapa hatutampamba. Kuna watu wanaoogopa nyoka, wengine wanaogopa bahari, wengine wakwe zao. Saida aliogopa umeme. Kwa miaka kumi na tisa aliyofanya kazi katika nyumba ya wageni ya Hawabai, pale Mikindani, hakuwahi kuwasha taa kwa kidole chake. Aliwasha kwa mwiko.

Ulikuwa mwiko wa kusongea ugali, mrefu, mkavu, wenye kipini kilichong'aa kwa kushikwa, na alikuja nao kutoka kwa mama yake, kijijini Mpapura. Alikuwa ameufunga kitambaa chekundu ili mpishi yeyote asije akautia chunguni, kwa maana mti ukilowa hupitisha umeme, si mti tena. Ulikaa kwenye msumari wake kando ya mlango wa jikoni. Jua likizama Saida aliutungua, akaushika mwisho kabisa wa kipini, akageuza uso pembeni na kufumba jicho moja, kisha akasukuma swichi moja baada ya nyingine, vyumba sita na ukumbi. Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Mohsin, mjukuu wa Hawabai, alimpiga picha za video akawatumia rafiki zake Dar es Salaam, nao wakacheka huko. Saida hakukasirika.

"Kwa mwoga huenda kicheko," aliwaambia kwa ile sauti yake ya chini, "kwa shujaa huenda kilio."

Hiyo sauti ya chini nayo ina habari yake. Watu walidhani ni adabu, wengine wakasema ni maringo. Ukweli ni kwamba Saida hakuita mtu kwa mbali. Akikutaka alikufuata ulipo, hata kama uko ghorofani na magoti yanamuuma. Mohsin alizoea kumwona ametokea mlangoni anahema, amepanda ngazi ishirini na mbili ili kumwambia tu kuwa chai ipo tayari.

Kabla ya Mikindani Saida alikaa Mtwara mjini, chumba cha kupanga mtaa wa Chikongola, na mdogo wake Fadhili aliyekuwa akibeba magunia ya korosho ghalani. Siku moja ya masika mvua ilikuja ghafla. Saida alikuwa jikoni anakaanga samaki, mafuta yamechemka, hawezi kuondoka. Akapaza sauti: "Fadhili, anua nguo!" Kamba yao ya kuanikia ilikuwa waya, na waya ulikuwa umefungwa kwenye bati la paa, na lile bati, pasipo mtu kujua, lilikuwa limegusana na waya wa umeme uliochubuka. Fadhili alitoka miguu mitupu kwenye tope. Aliitika, "Haya, dada." Neno jingine hakusema.

Msibani walisema ni kudra, na Saida akaitikia kuwa ni kudra. Kwamba ni yeye aliyemtuma, hakumwambia mtu. Arobaini ilipopita alifunga nguo zake, akaweka na mwiko wa mama, akaenda Mikindani kutafuta kazi kwa Mhindi yeyote atakayempa. Hawabai alimwangalia, hakumhoji. Alimpa chai kwanza, kisha ufagio. Kitu cha kwanza alichofanya Saida katika nyumba ile kilikuwa kuikata kamba ya waya uani na kufunga ya katani.

Nayo nyumba yenyewe ilikuwa inauma. Lazima tuliseme hili wazi, maana wenyewe hawakulisema. Friji la jikoni lilikuwa likimpiga mtu shoti, na bomba la chumba namba nne lilimtekenya mtu aliyeoga. Hakuna aliyeita fundi kwa ajili hiyo. Mbele ya friji ziliwekwa ndala nyekundu, na kila aliyetaka maji baridi alizivaa kwanza. Mgeni akifika aliambiwa, "Vaa ndala, friji letu lina wivu," naye alicheka akavaa. Ndivyo tulivyo. Kinachotuuma hatukitengenezi, tunajifunza tu saa zake za kuuma.

Hawabai alikuwa na miaka sabini na minne, mjane wa Hussainali aliyewahi kuwa na duka la khanga na mafuta ya taa chini ya nyumba hiyohiyo. Umeme haukumtisha. Yeye alitishwa na miiko. Kukaa kizingitini, mwiko. Kupiga mluzi ndani ya nyumba, mwiko. Kupokezana chumvi mkono kwa mkono, mwiko, iweke mezani mwenzako aichukue. Neno lile alilitamka kwa mkato, "Mwiko!", na mtu alisimama kwanza, sababu akauliza baadaye. Kuna mhandisi mmoja wa mambo ya gesi, pande la mtu, aliyekuwa amekaa kizingitini anafunga kamba za viatu. Aliposikia neno lile aliruka wima, akaomba radhi, na mpaka anaondoka hakujua kosa lake. Na Hawabai mwenyewe alilitii. Mama yake alimlea hivyo: ukisikia mwiko, ganda ulipo, hata kama kijiko kiko njiani kwenda mdomoni.

Basi ndani ya nyumba moja mlikuwa na wanawake wawili waoga, kila mmoja na mwiko wake, nao walipendana. Saida alipougua homa, Hawabai alimkalia kitandani. Hawabai alipoanza kutoona vizuri, Saida ndiye aliyemkata kucha.

Sasa huyu Mohsin, kijana mwenye haraka, alirudi kutoka Dar es Salaam na jambo. Alisema magari ya umeme yanakuja, na nyumba ya wageni isiyochaji gari itabaki kulaza popo. Akamwita Petro, fundi umeme wa Mikindani, akamfungia soketi kubwa kwenye nguzo ya uani, ndani ya kisanduku cha buluu. Kisha akaandika kwenye ukurasa wao wa mtandaoni: Tunachaji magari ya umeme, karibuni sana.

Saida aliposikia alikaa chini. "Gari zima la chuma," alimwambia Hawabai, "limejazwa umeme, lilale hapa uani kwetu?"

"Litalala mwanangu, na asubuhi litaondoka."

Kwa wiki tatu halikuja gari. Saida akaanza kumshukuru Mungu mapema, na kumshukuru Mungu mapema kuna hatari zake. Jumatano moja, saa nne asubuhi, alikuwa ameinama anafagia uani. Alipoinuka, gari dogo jeupe lilikuwa limesimama nyuma yake. Halikunguruma, halikukohoa. Kitu kinachokujia kimyakimya, kwa hesabu ya Saida, hakijawahi kuwa na nia njema.

Aliyeshuka alikuwa mwanamke mchangamfu, Raheli, mpimaji wa ubora wa korosho, ametoka Lindi na kesho yake anatakiwa Mpapura. "Limebaki na asilimia tisa ya chaji," alisema, "mkinifukuza hapa nitalisukuma." Akatoa waya mnene wenye kisanduku katikati, akachomeka kwenye soketi ya Mohsin. Kwenye kisanduku ikawaka taa nyekundu. Akachomoa, akachomeka tena. Nyekundu.

"Halitaki," Raheli alisema. "Linasema hapa hamna ethi."

"Ethi ndiyo nini?" Hawabai aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Waya wa kwenda ardhini, bibi. Umeme ukipotea njia ukaingia kwenye chuma, waya ule unaupeleka chini, usimpitie mtu. Gari hili linapima kwanza. Lisipouona, halili." Alitazama saa yake. "Mimi nina kikao mjini mpaka jioni. Mwiteni fundi. Lakini tafadhali, msililazimishe. Linasema kweli."

Akapanda bajaji akaenda zake Mtwara.

Hawabai aliona aibu, ile ya watu wa zamani. "Tumemwita mgeni aje kula," alisema, "amekuja, na chungu hakina kitu." Alilirudia mara tatu. Petro akaitwa mbio.

Petro alikuwa fundi mzuri, kwa mambo aliyoyajua. Alikuwa mcheshi, hodari wa kupanda ngazi, na hakuna nyumba Mikindani ambayo hakuwahi kuiwashia taa. Alilizunguka gari akicheka. "Hili linajidai. Limezoea mambo ya Ujapani." Alileta fimbo ya shaba ndefu kuliko mtu, akaigongea chini uani kwa nyundo. Ikaingia dhiraa moja, ikagota. Akajaribu pembeni, ikagota tena. Mikindani chini ni jiwe la matumbawe, kila mchimba kaburi analijua hilo. Petro alijifuta jasho, akafikiri, akatabasamu.

"Basi nalidanganya," alisema.

Akafungua soketi, akatoa mfukoni kipande cha waya kisichozidi kidole, akaunganisha tundu la ethi na waya wa nyutro, ule wa kurudishia umeme. "Likiuliza ethi iko wapi, linaoneshwa nyutro. Halijui tofauti. Mohsin, chomeka."

Taa ikawa ya kijani. Mohsin akapiga makofi. Hawabai akasema Alhamdulillahi.

Saida alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mwiko kifuani. "Na hatari yake, kaka Petro?"

"Haipo, dada Saida. Labda nyutro ikatike huko inakoingilia nyumbani, hapo ndipo bodi lote la gari litakuwa na umeme. Na itakatikaje?"

Alisema kwa mzaha, akaanza kukusanya vifaa vyake. Lakini mwoga hasahau. Ndiyo kazi ya hofu, inaweka kumbukumbu za kila kitu. Saida alikumbuka kwamba mwaka uliopita, mwezi wa Mfungo Tatu, taa za nyumba hii zilififia zikazimika huku za majirani zikiwaka. Petro huyuhuyu alipanda ukutani, akakuta kiungio cha tangu enzi ya marehemu Hussainali kimeliwa na chumvi ya bahari. Aliposhuka alisema maneno ambayo Saida hakuyaelewa lakini aliyahifadhi: "Umeme haukukatika. Nyutro ililegea, umeme ukakosa njia ya kurudi. Umejaa humu ndani kama maji kwenye karo lililoziba, unatafuta pa kutokea."

Alimfuata Petro mpaka barazani. "Nyutro hiyo si ndiyo ile iliyolegea mwaka jana?"

"Ndiyo hiyo. Nilishaifunga."

"Uliifunga na nini?"

Petro aligeukia barabara. "Na tepu," alisema, akapanda bodaboda.

Akamfuata Mohsin ghorofani, ngazi ishirini na mbili. Mohsin alimsikiliza huku macho yako kwenye simu. "Dada Saida, tukiifuata hofu yako hata chai hatutachemsha." Saida akashuka kwa Hawabai. Hawabai alimshika mkono. "Mgeni ameahidiwa, mwanangu. Na fundi amesema. Mimi na wewe tunajua nini?"

Hakuna aliyemtukana, na hakuna aliyemsikia. Saida alirudi uani akasimama mbele ya gari. Angeweza kuchomoa ile plagi kwa mkono, jambo la kufumba na kufumbua. Hakuweza. Alinyoosha mwiko mara mbili, na mara mbili akaurudisha kifuani. Alijichukia. Gari lilikuwa linavuma kidogokidogo, sauti nyembamba ya mbu, na alihisi mvumo ule kwenye meno.

Zaidi ya yote aliogopa mahali lilipoegeshwa. Bomba la uani lilikuwa hatua tatu kutoka kwenye nguzo. Hapo ndipo Hawabai alipojiandalia sala zake kila siku. Aliosha kwanza miguu vumbi litoke, mguu mmoja baada ya mwingine, na kwa uzee wake alipouinua mguu alinyoosha mkono kushika nguzo. Sasa kati ya mkono na nguzo palikuwa na gari.

Saida akafanya alichoweza. Alikwenda jikoni, akachukua ndala nyekundu za friji, akaziweka pale bombani, moja kando ya nyingine, zikielekea upande wa mtu atakayefika. Kisha akaketi kwenye kigoda karibu na bomba, mwiko mapajani, akalinda. Adhuhuri Hawabai alisali ndani kwa sababu ya jua, akatumia maji ya birika. Saida akashukuru, safari hii kwa tahadhari.

Saa tisa na nusu alisikia harufu ya maharage yanayoungua. Aliinuka mbio kuingia jikoni. Akasahau mwiko kigodani.

Alikuwa ndio kwanza amekiepua chungu pale feni ya ukumbini ilipopunguza mwendo. Taa ya jikoni ikawa nyekundu, ikabaki uzi, ikafa. Friji likaguna likanyamaza.

"Umekatika!" Mohsin aliita kutoka ghorofani, kwa sauti ile ya mazoea ambayo sote tunaijua, ya mtu aliyekwishakata tamaa zamani na sasa anatoa taarifa tu.

Saida aliegemea ukuta, akapumua. Mara ya kwanza tangu saa nne asubuhi alipumua mpaka tumboni. Umeme umekatika. Gari limekuwa bati kama mabati mengine, mtu anaweza hata kulikalia. Alisikia maji yakifunguliwa bombani, akajua Hawabai ameshuka kwa sala ya alasiri, wala hakushtuka.

Kisha akasikia kitu kingine. Ng'ambo ya ukuta, kwa jirani yao Mwajuma anayeuza juisi ya ukwaju, mashine ya kusagia ilikuwa inazunguka. Inanguruma, inanyamaza, inanguruma.

Kwa Mwajuma umeme upo.

Saida aliyakumbuka maneno ya Petro. Umeme haukukatika. Umekosa njia ya kurudi. Umejaa humu ndani, unatafuta pa kutokea.

Alitupa jicho dirishani. Hawabai alikuwa amesimama bombani, nguo ameikusanya kwa mkono mmoja, miguu inachuruzika maji. Ndala nyekundu alikuwa amezisogeza pembeni kwa ncha ya kidole, maana za jikoni hazikanyagwi kuendea sala. Aliinua mguu wa kushoto. Mkono wa kulia ukaondoka kwenda kutafuta nguzo iliyomshikilia miaka yote hiyo.

Saida aligeukia msumarini. Msumari ulikuwa mtupu.

Ndipo sauti ilipomtoka. Haikuwa ile ya chini. Ilikuwa sauti iliyofungiwa miaka kumi na tisa, ikamkwaruza koo kwa kutokea, na Mwajuma kule ng'ambo akazima mashine yake kwa hofu.

"Mwiko! Mwiko! Mwiko!"

Alikuwa anaita mti wake. Hakuwa na wazo jingine kichwani, wallahi, alikuwa anataka mwiko wa kusongea ugali wenye kitambaa chekundu. Lakini Hawabai alisikia neno lingine. Alisikia neno la mama yake. Akaganda palepale, mguu mmoja juu, mkono umenyooka, vidole havijafika kwenye mlango wa gari kwa upana wa ukucha.

"Nimefanya nini?" aliuliza bila kugeuza kichwa.

"Usiguse, mama! Rudisha mkono. Rudi nyuma, rudi tu, usiguse kitu!"

Hawabai akarudisha mkono kifuani. Akashusha mguu, akarudi nyuma hatua moja, ya pili, mpaka mgongo ukagusa ukuta wa mawe. Saida hakumngoja amalize. Alikimbilia kwenye korido lilipokuwa sanduku la meni swichi, ile inayozima nyumba nzima. Mwiko hana. Alisimama mbele ya lile sanduku na mkono wake ukakataa kuinuka. Alimwona Fadhili. Alimsikia akiitika. Kisha, kwa vidole vyake mwenyewe, vyenye majimaji ya maharage, aliushika mkono wa swichi akaushusha kwa nguvu zote.

Mohsin alishuka akicheka. "Sasa unazima nini, dada Saida? Umeme si umekatika?"

"Mwite Petro," alisema Saida, akakaa chini sakafuni.

Petro alikuja na cheko lake la kila siku. Saida alimwambia jambo moja tu: "Washa meni, uweke testa yako kwenye gari. Vaa viatu." Petro akawasha. Feni haikuzunguka, taa haikuwaka, nyumba nzima kimya kama umeme haujawahi kuvumbuliwa. Akasogeza bisibisi yake ya kupimia kwenye mlango wa gari jeupe.

Testa ikawaka. Mwanga mdogo mwekundu ndani ya kipini cha plastiki, umetulia tuli.

Hakuna aliyecheka. Petro alirudi koridoni akazima mwenyewe, akaja akachuchumaa mbele ya soketi, akakata kile kipande cha waya kwa koleo na kukitia mfukoni kwa haraka, kama mtu anayeficha alichoiba. Alikaa palepale amechuchumaa. "Ningemuua bibi," alisema. "Dada Saida, ningemuua bibi."

Hawabai alikuwa anautazama mkono wake, anaugeuza huku na huku. "Saida," alisema hatimaye, "kugusa gari ni mwiko wa wapi? Wa kwenu Mpapura? Sijawahi kuusikia."

"Si mwiko wa kwetu, mama. Nilikuwa naita mwiko wangu. Ule wa kusongea."

Bibi kizee alimwangalia. Alianza kucheka taratibu, bega likitikisika, na katikati ya kicheko akaanza kulia, na vyote viwili vikaendelea kwa pamoja kwa muda mrefu.

Raheli aliporudi jioni walimwambia ukweli wote. Alilipapasa gari lake ambalo sasa lilikuwa limetulia kama ng'ombe aliyelala, akasema korosho za Mpapura zitamsubiri siku moja.

Asubuhi Petro alikuja na fimbo yake ya shaba bila kucheka. Aligonga mashariki ya ua, jiwe. Akagonga magharibi, jiwe. Saida alimtazama mpaka alipochoka, kisha akamwongoza nyuma ya jiko, mahali ambapo kwa miaka kumi na tisa alimwaga maji ya kufulia na ya kuoshea vyombo. Palikuwa na ufa kwenye jiwe, umejaa udongo mweusi usiokauka hata kiangazi. Fimbo ikaingia yote, ikabaki shingo tu. Petro akatengeneza kiungio cha ukutani upya, safari hii kwa kibano cha chuma, akafunga na swichi ndogo inayojikata yenyewe umeme ukipotea njia. Gari lilipochomekwa halikuuliza swali. Taa ya kijani.

"Sasa nenda kafungue friji," Petro alimwambia Saida. "Vua ndala."

"Sivui."

"Dada Saida, vua."

Hawabai alikuja akasimama kando yake. Saida alivua. Sakafu ilikuwa baridi. Alinyoosha kidole kimoja, akakirudisha, akakinyoosha tena, akagusa. Akaweka kiganja kizima. Friji lilikuwa chuma tu, baridi ya kawaida, na lilimwachia mkono wake hapo bila kumfanya kitu.

Hakuondoa kiganja. "Kaka Petro," aliuliza, "kitu hiki kingeweza kuwekwa nyumba yoyote? Hata za kupanga? Hata Chikongola?"

"Nyumba yoyote. Fimbo hii na swichi hii. Hata bati la paa likiguswa na umeme, unakata kabla..." Petro akaishia hapo, maana aliona uso wake.

"Mimi ndiye niliyemtuma," Saida alisema. Alimwambia Hawabai, si fundi. "Fadhili. Hakutoka mwenyewe. Nilimwita, nikamwambia anua nguo."

Hawabai hakusema kudra. Alichukua ule mkono uliokuwa kwenye friji, akauweka kwenye kifua chake mwenyewe, juu ya nguo, mahali moyo unapogonga.

"Na mimi jana uliniita," alisema. "Nami nipo."

Raheli aliondoka mchana gari limeshiba. Tangazo la Mohsin bado lipo, na magari matatu mengine yamekuja tangu hapo. Ndala nyekundu Hawabai alizitupa, Saida akaziokota, akaziweka mbele ya friji palepale. Taa bado anawasha kwa mwiko. Tulisema mapema kuwa ni mwoga.

Lakini masika hii, Jumanne moja, wingu lilipanda kutoka upande wa Ruvuma, jeusi, na matone makubwa yakaanza kugonga bati la jiko. Mashuka ya vyumba vitano yalikuwa kambani. Saida alikuwa anakaanga samaki, mafuta yamechemka, hawezi kuondoka. Alitazama ngazi. Alitazama mashuka. Akafungua kinywa, akakifunga, akakifungua.

"Mohsin! Anua nguo!"

Kutoka ghorofani kijana akaitika bila kufikiri: "Haya, dada!"

Saida aliacha samaki, akaacha mafuta, akautungua mwiko msumarini na kusimama kizingitini, mwiko au si mwiko, akimtazama Mohsin akikimbia miguu mitupu kwenye maji hadi kwenye kamba ya katani. Alihesabu mashuka kwa sauti, moja, mawili, matatu, mpaka la kumi, mpaka kijana alipopita mbele yake amelowa chapachapa, anacheka, analalamika kuwa samaki wanaungua.

"Waungue," alisema Saida.